Siku ya Lava Tower: Kwa Nini Mpanda Kilimanjaro Hupanda Mchana na Kushuka Jioni

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka inapokaribia tarehe 9 Desemba, Watanzania kutoka mikoa mbalimbali hujiunga na safari za kupanda Mlima Kilimanjaro katika kuadhimisha Uhuru wa Tanganyika, baadhi yao kupitia kampeni ya Twenzetu Kileleni ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Chimbuko la desturi hiyo linafahamika. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya taifa na Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, na kilele hicho kikaitwa Uhuru. Kinachofahamika kwa wachache ni kwamba mafanikio ya safari hiyo mara nyingi huamuliwa mbali na kilele, katika siku moja ambayo ukiitazama kwenye ramani inaonekana kama kazi bure.

Ni siku ya kutoka uwanda wa Shira kwenda bonde la Barranco kupitia Lava Tower. Katika njia ya Machame huwa ni siku ya tatu. Katika njia ya Lemosho huwa ya tatu au ya nne, kutegemea ratiba. Mpandaji huamka katika kambi iliyo kwenye mita 3,850 hivi, hutembea hadi takribani mita 4,600, kisha hushuka na kulala kwenye mita 3,960 hivi. Kwa maneno mengine, hutoka jasho kupanda zaidi ya mita 700 na kuzirudisha karibu zote kabla ya jua kuzama. Tofauti kati ya kitanda cha jana na cha leo ni kama mita 110 tu.

Wanaopanda kwa mara ya kwanza huuliza swali lile lile: kama kambi ya usiku iko chini, kwa nini tusiende moja kwa moja? Swali hilo lina uzito, kwa kuwa ipo njia ya chini ambayo wapagazi huifuata ili kuwahi kusimamisha mahema, na mtu aliyechoka huiona ikikata kushoto na kulia kwa macho yake mwenyewe. Jibu linahitaji kueleza kwanza kinachoupata mwili unapopanda.

Hewa ya mlimani ina sehemu ile ile ya oksijeni kama hewa ya Tanga au Mtwara, yaani takribani asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa iliyo juu yake huwa kidogo, uzito wake huwa kidogo, na kila pumzi huingiza chembe chache za oksijeni kuliko pumzi ya pwani. Katika Lava Tower mgandamizo huo ni chini kidogo ya asilimia 60 ya ule wa usawa wa bahari. Kileleni Uhuru hubaki takribani nusu. Mtu anayepumua hapo ana nusu ya kile ambacho mapafu yake yamezoea tangu kuzaliwa.

Mwili haukubali hali hiyo kimya. Jambo la kwanza unalofanya ni kupumua haraka na kwa kina zaidi, hata mtu akiwa ameketi. Moyo nao huongeza mapigo. Lakini kupumua sana huondoa kabonidayoksaidi nyingi kwenye damu, na damu ikipoteza gesi hiyo huelekea kuwa na alkali, jambo ambalo huuambia ubongo upunguze pumzi. Figo ndizo zinazosawazisha mambo kwa kutoa kemikali ya baikaboneti kupitia mkojo, kazi inayochukua siku kadhaa. Ndiyo maana mpandaji anayetoka nje ya hema mara mbili au tatu usiku, akilalamikia baridi, kwa kawaida ana habari njema bila kujua: figo zake zinafanya kazi. Uzalishaji wa chembe nyekundu za damu huongezeka pia, ila huo huchukua wiki, na hakuna safari ya Kilimanjaro yenye muda huo.

Hivyo dawa kubwa ya mlima ni muda. Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wa tiba ya milimani unaelekeza kwamba mtu akishavuka mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja katika kimo anacholala, na awe na siku ya kupumzika kila baada ya siku tatu au nne. Mwongozo huo unapima kimo cha kulala na si kimo cha kutembea, na sababu yake ni ya msingi. Mtu akilala, pumzi hupungua kasi na oksijeni katika damu hushuka kuliko mchana. Usiku ndio wakati ambao mwili hauna namna ya kujitetea kwa kupumua kwa makusudi. Aliyefika mita 4,600 mchana akashuka amepita tu. Aliyelala huko amekaa saa nane katika hali ambayo bado hajaiweza.

Ukichukua kipimo hicho na kukiweka juu ya njia ya Machame, hesabu inajieleza. Lango liko kwenye takribani mita 1,800. Usiku wa kwanza hulaliwa karibu na mita 3,000, na usiku wa pili Shira, kwenye mita 3,850 hivi. Katika siku mbili mpandaji ameongeza karibu mita 1,000 kila siku, na siku ya pili amevuka mpaka uliopendekezwa. Anapoamka Shira, mwili wake una deni. Siku ya Lava Tower ndiyo inayoanza kulilipa, kwa kuwa usiku wake hulaliwa karibu na kimo kile kile cha usiku uliopita.

Njia ya Lemosho ni ya upole zaidi kwa sababu huanzia magharibi, huvuka uwanda wa Shira taratibu na huwa na usiku mmoja au zaidi wa ziada. Njia ya Marangu, ambayo wapandaji wake hulala katika vibanda, hupata nafuu ya namna hiyo kwa wale wanaokubali kukaa siku mbili Horombo, kwenye mita 3,720, ambapo siku ya mapumziko hutumika kutembea hadi Zebra Rocks, zaidi ya mita 4,000, na kurudi. Njia ya Umbwe ndiyo kali. Hupanda moja kwa moja hadi Barranco bila kupitia Shira, na haimfai mtu anayepanda mara ya kwanza.

Safari yenyewe ya siku hiyo huanza baada ya kifungua kinywa, kwa kawaida saa mbili asubuhi. Uwanda wa Shira ni mabaki ya volkano ya zamani zaidi kati ya tatu zilizoujenga mlima; nyingine ni Mawenzi na Kibo. Kwa saa nne hadi tano njia huelekea mashariki, Kibo kikiwa mbele muda wote. Vichaka vya ukanda wa nyasi na mimea mifupi huachwa nyuma, na mahali pake huja changarawe, mawe meusi ya volkano na maua makavu meupe yanayostahimili baridi. Mwendo ni ule ambao waongozaji huusisitiza tangu langoni: pole pole. Kipimo chake ni rahisi. Mpandaji anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuhema anakwenda haraka kuliko mwili wake unavyoruhusu.

Lava Tower ni nguzo ya mwamba wa volkano yenye urefu wa takribani mita 90, iliyoganda katika mdomo wa zamani wa kutokea moto na kubaki imesimama baada ya udongo laini ulioizunguka kumomonyoka. Chini yake ndipo kundi hupumzika na kula. Mara nyingi ukungu huwa umeshapanda kutoka misituni, upepo ni wa baridi, na kunguru wenye shingo nyeupe huzunguka wakingoja makombo ambayo hawapaswi kupewa. Hapo ndipo vichwa vingi huanza kuuma.

Inafaa kusema wazi kwamba saa moja ya kukaa chini ya mnara huo haitoshi kuugeuza mwili. Wapo wanaoamini kwamba kugusa mita 4,600 ni kama kupigwa chanjo, na imani hiyo huwafanya wajiamini kupita kiasi. Thamani ya mahali hapo iko kwingine. Kimo cha Lava Tower kinakaribiana sana na kile cha Kambi ya Barafu, ambako wapandaji wa Machame na Lemosho hulala saa chache kabla ya kuondoka usiku wa manane kuelekea kileleni. Kwa hiyo mpandaji anafanyiwa jaribio la kimo cha Barafu siku mbili au tatu kabla, mchana, akiwa na nguvu, mwongozaji akimtazama. Jaribio hilo lina faida nyingine kubwa: njia inayofuata inashuka. Aliyezidiwa hapo, ndani ya saa mbili au tatu atakuwa chini zaidi ya mita 600. Aliyezidiwa Barafu saa saba usiku hana bahati hiyo.

Dalili za ugonjwa wa kimo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi. Kichwa kinachouma kidogo Lava Tower na kutulia baada ya kushuka, kunywa maji na kula si jambo la kushangaza. Kinachohitaji hatua ni kichwa kisichotulia Barranco, kinachoambatana na kutapika au kumfanya mtu akatae chakula. Mwenye hali hiyo haongezi kimo hata mita moja mpaka apate nafuu, na akizidi kuwa mbaya anashushwa.

Hali mbili za hatari ni maji kujaa katika mapafu na ubongo kuvimba. Ya kwanza hujulikana kwa kuhema hata mtu akiwa amepumzika, kifua kubana na kikohozi ambacho baadaye hutoa makohozi yenye povu, pengine yenye rangi ya damu. Ya pili hujulikana kwa kuchanganyikiwa, kusinzia kusiko kwa kawaida na kuyumba kama mlevi. Waongozaji humtaka mtu atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Asiyeweza hana mjadala. Hali zote mbili huua ndani ya muda mfupi, na tiba yake ya kwanza ni kushuka, usiku au mchana, mvua au jua. Oksijeni ya mtungi, dawa, machela ya gurudumu na helikopta ya uokoaji husaidia, lakini hakuna kinachochukua nafasi ya kushuka, na helikopta yenyewe hutegemea hali ya hewa.

Tatizo ambalo waongozaji hukabiliana nalo zaidi ni ukimya. Makundi ya mwezi Desemba huwa na bendera, mabango na watu wa ofisi moja au chuo kimoja, na kijana aliyepigiwa makofi siku ya kuagwa huona aibu kusema kichwa kinamuuma. Hunywa vidonge vya maumivu kimyakimya na kusema yuko salama. Vidonge hivyo hutuliza kichwa bila kuongeza oksijeni katika damu, na humnyima mwongozaji taarifa anayoihitaji. Jambo jingine lisilojulikana sana ni kwamba siha ya uwanjani si kinga. Mkimbiaji hodari anaweza kuugua huku mama mtu mzima anayetembea taratibu akifika salama. Mara nyingine nguvu zenyewe ndizo zinazomponza mtu, kwa kuwa humruhusu kwenda kasi.

Sheria za hifadhi zinakataza mtu kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, na amri ya mwongozaji kuhusu kushuka ni ya mwisho. Mpagazi naye ana ulinzi wake: mzigo anaobeba hupimwa kwenye mizani langoni, na ukomo wake ni kilo 20. Kundi lililojaa vitu visivyo vya lazima hulazimika kupunguza au kuongeza watu. Ikumbukwe kwamba anayefuata njia ya chini kuwahi Barranco hufanya hivyo kwa kuwa ana kazi ya kufanya huko, na kwa kuwa amepanda mlima huo mara nyingi. Mgeni anayemfuata kukwepa Lava Tower amejiondolea jaribio huku kimo cha siku zinazofuata kikimngoja pale pale.

Kutoka Lava Tower njia huporomoka ghafla. Mawe huwa na unyevu, vijito hukatiza, na magoti hupata kazi kuliko mapafu. Fimbo za kutembelea, ambazo wengi huziona za mapambo asubuhi, hapa hujulikana faida yake. Baada ya muda huonekana mimea ambayo wengi hudhani ni minazi iliyopotea njia: miti minene yenye vichwa vya majani makubwa, iitwayo kitaalamu Dendrosenecio kilimanjari, ambayo asili yake ni mlima huu. Majani yake yaliyokauka hayadondoki; hubaki yameukumbatia shina kama blanketi na kulikinga na baridi ya usiku. Pembeni yake huota lobelia, ambayo hufunga majani yake jioni ili kulinda chipukizi la ndani. Mimea hiyo hukua polepole sana, na moto mmoja huweza kufuta kazi ya miaka mingi. Moto wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, uliteketeza maeneo ya ukanda wa nyasi na vichaka, na kuzimwa kwake kulihitaji mamia ya watu. Kuwasha moto wa kuni kambini hakuruhusiwi, na kipande cha sigara kinachotupwa kwenye nyasi kavu ni hatari ile ile. Mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni, 2019, haina nafasi mlimani.

Kambi ya Barranco iko chini ya ukuta mkubwa wa miamba ambao hupandwa asubuhi ya siku inayofuata. Usiku ukiwa mweupe, taa za Moshi huonekana mbali upande wa kusini. Wanaolala hema moja huweza kushtushwa na pumzi ya mwenzao, ambayo hukatika kwa sekunde kadhaa kisha kurudi kwa mshindo. Hali hiyo ni ya kawaida katika kimo hicho na yenyewe si ishara ya hatari. Hatari ni kuitafutia dawa isiyofaa: pombe na dawa za usingizi hupunguza pumzi wakati ambao mwili unaihitaji zaidi.

Kwa mwananchi anayepanga safari, uamuzi wenye uzito kuliko yote hufanyika mezani kabla ya kufika Moshi, nao ni wa idadi ya siku. Tozo hulipwa kwa siku, na ingawa Watanzania hulipa kiwango cha chini kuliko wageni kutoka nje, kishawishi cha kukata siku moja kipo. Katika njia ya Machame siku inayokatwa kwa kawaida ni ile ya Karanga, kwenye mita 4,000 hivi. Aliyeikata hutoka Barranco na kwenda kulala Barafu siku hiyo hiyo, akiongeza karibu mita 700 kwa usiku mmoja, kisha huamshwa kabla ya saa sita kwenda kupanda nyingine zaidi ya 1,200. Faida yote aliyoipata Lava Tower huliwa na siku hiyo. Mwenye fedha za siku sita pekee angefanya vyema kungoja mwaka mwingine kuliko kubana siku.

Kumwona daktari kabla ya safari ni muhimu kwa wenye magonjwa ya moyo, mapafu, shinikizo la damu na kwa wajawazito. Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, suala hilo lina uzito wa pekee hapa nyumbani. Upungufu wa oksijeni ndio unaofanya chembe za damu za mgonjwa wa selimundu zijikunje na kuziba mishipa, hivyo kimo cha juu ni hatari kubwa kwake. Hata mtu mwenye kurithi upande mmoja tu, asiyeugua akiwa bondeni, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu. Asiyejua hali yake anaweza kupimwa hospitali. Dawa ya asetazolamaidi, inayotumiwa na baadhi ya wapandaji kuusaidia mwili kuzoea, itolewe kwa ushauri wa daktari, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Jioni ya Barranco, baada ya supu na kabla ya kila mmoja kuingia hemani, mwongozaji hupita na kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole kupima oksijeni na mapigo ya moyo. Namba moja peke yake haimwambii mengi. Hulinganisha na ya jana, hutazama sahani imebaki na nini, na huuliza maswali ya kawaida huku akisikiliza namna mtu anavyojibu. Asiyekula huangaliwa tena baada ya saa moja au mbili. Wengine huambiwa saa ya kuamka, kwa kuwa ukuta hupandwa kwa foleni na wanaochelewa husubiri kwenye baridi.